Waliobaki na Mizigo

Watu wa nyumbani, Tanga, wakisikia kwamba niliishi miaka mitatu Yokosuka, kwenye kituo cha jeshi la majini la Marekani nchini Japani, huniuliza maswali mawili. La kwanza ni kama nilipanda manowari. Nilipanda mara moja, siku ya familia, nikashuka baada ya saa chache nikiwa na kichefuchefu na picha nyingi. La pili ni gumu zaidi, na huulizwa hasa na watu wa kanisani: Mkristo anafanya nini mahali kama pale? Swali hilo ni halali. Nimelibeba muda mrefu, na hapa nataka kulijibu kwa kadiri nilivyojaliwa kuona. Sijibu kama mtaalamu wa mambo ya kijeshi, bali kama mke wa baharia na mama aliyelea mtoto pale.

Baba yangu alikuwa karani bandarini Tanga. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikufunga gatini kwetu. Zilitia nanga nje, na mizigo ikashushwa na kupakiwa kwa matishari. Katani yetu ilitoka kwa njia hiyo. Baba hakuwahi kusafiri baharini hata siku moja, lakini alizoea kutuambia kwamba meli isiyo na watu wa nchi kavu ni chuma kinachoelea tu. Nilipoolewa na Mtanzania mwenzangu aliyekuwa amehamia Marekani na kujiunga na jeshi la majini, na mwaka 2009 tukapelekwa Yokosuka, neno hilo la baba ndilo lililonisaidia kuelewa mahali nilipofika.

Yokosuka iko kwenye rasi ya Miura, karibu na mlango wa Ghuba ya Tokyo, kama saa moja kwa treni kusini mwa jiji hilo. Pale kuna vitu viwili ambavyo mgeni huvichanganya. Kuna meli zenyewe, ambazo ni za Kundi la Saba la manowari za Marekani. Halafu kuna kamandi ya nchi kavu, yenye mkuu wake na watu wake, ambayo haiamuru meli yoyote iende wapi wala ifanye nini. Kazi yake ni gati, ulinzi wa malango, zimamoto, maji na umeme, nyumba za familia, kituo cha kulelea watoto, kanisa. Hospitali, shule, bohari ya vifaa na karakana ya kutengenezea meli zina wakubwa wao, lakini zote huishi ndani ya ua mmoja kama wapangaji katika nyumba moja, na kamandi ya nchi kavu ndiyo inayohakikisha bomba linatoa maji na taa zinawaka. Ukihesabu wanajeshi, familia na wafanyakazi, ni watu zaidi ya 20,000.

Nimesema nyumba, lakini nyumba hiyo si ya Wamarekani. Ardhi ni ya Japani. Wako pale kwa mkataba wa nchi mbili, ule wa mwaka 1951 uliofanyiwa marekebisho mwaka 1960. Wajapani wengi wanaofanya kazi ndani ya kituo, wachomeleaji, mafundi umeme, makarani, wapishi, wameajiriwa na serikali yao wenyewe ili wawatumikie wageni. Hata magudi, yaani yale mashimo makubwa ya mawe na saruji ambamo meli huingizwa, maji yakatolewa na ikatengenezwa ikiwa imekauka, hayakujengwa na Wamarekani. Karakana ile ilianzishwa mwaka 1865 chini ya mhandisi Mfaransa, Léonce Verny, aliyeajiriwa na watawala wa Japani wa wakati huo, na gudi la kwanza lilikamilika mwaka 1871. Linatumika mpaka leo. Meli za Marekani hutengenezwa juu ya mawe yaliyopangwa na watu ambao wajukuu wao walikuja kupigana na Wamarekani.

Hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Ufuo wa Kurihama, ambako Kamanda Perry wa Marekani alishuka mwaka 1853 na kuilazimisha Japani kufungua milango, uko ndani ya mji huohuo wa Yokosuka. Baadaye mji ukawa moja ya ngome kuu za jeshi la majini la Japani. Tarehe 30 Agosti 1945, vita vilipokwisha, Wamarekani walishuka wakauchukua. Mwaka uliofuata aliletwa afisa aitwaye Benton Decker kuiongoza kamandi ya nchi kavu, akakaa mpaka mwaka 1950. Huyu aliwaalika wamisionari na makanisa, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wakapewa majengo yaliyokuwa ya jeshi la majini la Japani ili wafungue shule na hospitali. Shule ya Wajesuiti iitwayo Eiko ilianza kwa njia hiyo mwaka 1947. Watu wa mji walimchongea Decker sanamu akiwa bado hai.

Sidhani kila nia yake ilikuwa ya kiroho. Alikuwa askari anayesimamia mji ulioshindwa vitani, na askari ana hesabu zake. Lakini hesabu za askari ziliacha nafasi ya kitanda cha mgonjwa na dawati la mwanafunzi, na Mungu wetu amezoea kutumia nafasi ndogo za namna hiyo. Injili ya Luka inamtaja akida wa Kirumi aliyekuwa Kapernaumu, askari wa dola ya kigeni katika nchi isiyokuwa yake, ambaye wazee wa Wayahudi walimshuhudia kwa Bwana Yesu kwamba aliwapenda na kuwajengea sinagogi. Yesu hakumwuliza kwanza habari za dola yake. Wala hakusema kwamba dola yake ni njema. Alimponya mtumwa wake, akaistaajabia imani yake, na akida akaendelea kuwa mgeni mwenye upanga. Injili inaliacha jambo hilo hapo bila kulifunga. Mimi nami siwezi kulifunga.

Maana si kila mtu Yokosuka aliyewafurahia wageni. Mwaka 2008, kabla hatujafika, manowari ya kubeba ndege iitwayo George Washington ililetwa kukaa pale. Ilikuwa meli ya kwanza ya nguvu za nyuklia kuwa na makazi ya kudumu Japani. Katika nchi iliyopigwa Hiroshima na Nagasaki unaweza kuelewa kwa nini wakazi walikusanya saini kupinga. Mwezi Machi mwaka huohuo dereva wa teksi wa mji ule aliuawa kwa kisu, na baharia wa Marekani akahukumiwa na mahakama ya Japani kifungo cha maisha. Makamanda waliomba radhi. Mimi nilipofika mwaka mmoja baadaye, bado niliona jinsi madereva wengine walivyotutazama kwenye kioo mimi na mume wangu, weusi wawili wenye mtoto mchanga. Sikuwalaumu. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji akaumia, methali hiyo inakuwa deni shingoni mwa mgeni.

Sisi tulikaa nje ya kituo, mjini, kwenye nyumba ndogo iliyo kando ya kilima. Yokosuka ina vilima vingi na ngazi za mawe zisizokwisha. Jirani yetu alikuwa bibi mjane aliyepita miaka themanini kidogo. Baba yake alifanya kazi katika karakana ya majini wakati wa vita. Mwanawe wa kiume alikuwa mchomeleaji katika karakana ileile, sasa akitengeneza meli za Wamarekani. Kijapani changu kilikuwa cha kubahatisha, na Kiingereza chake kilikuwa maneno kama kumi, lakini tulielewana kwa mambo ya jikoni, kwa mvua, na kwa mtoto. Alimwita binti yetu kwa neno linalomaanisha mjukuu. Nikipika maandazi nampelekea. Akipata machungwa ananiletea. Hakuwahi kuniambia anafikiri nini juu ya kituo kile. Nami sikumwuliza, kwa sababu kwetu mtu mzima hahojiwi.

Kisha likaja tetemeko. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika arobaini na sita mchana. Sitaeleza sana jinsi ardhi ilivyotikisika, kwa kuwa wengi wameeleza, na Yokosuka haikupata madhara makubwa. Madhara yalikuwa kaskazini, kwenye pwani ya Tohoku, ambako bahari iliingia nchi kavu na kuchukua watu zaidi ya 15,000 na wengine kwa maelfu wasionekane tena. Usiku ule umeme ulikatika kwa vipindi. Kesho yake meli ya mume wangu iling'oa nanga kwenda kaskazini kupeleka msaada. Operesheni ile walikuja kuiita Tomodachi, yaani rafiki.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya kamandi ya nchi kavu, kwa sababu nilikuwa nyuma, gatini, pamoja na wale wasioonekana katika habari. Televisheni zilionyesha helikopta zikishusha maji na chakula kwenye vijiji vilivyokatwa. Hazikuonyesha makarani waliokuwa macho usiku kucha wakihesabu mablanketi. Hazikuonyesha Wajapani waliotembea kwa miguu kuja kazini siku treni ziliposimama, na wengine hawakuwa wamepata habari za ndugu zao wa kaskazini. Manowari ya uongozi, Blue Ridge, ilikuwa Singapore siku ile. Mabaharia wake walipakia shehena ya msaada wakaondoka kesho yake. Kila sanduku lililofika pwani ya Tohoku lilipita kwenye mikono ya mtu fulani aliyesimama kwenye saruji, si majini. Kanisani nasi tulikusanya nguo za watoto, maziwa ya unga, nepi. Mwana wa jirani yangu alifanya kazi zamu mbili mfululizo ili meli zilizokuwa zimefunguliwa mitambo ziweze kuondoka.

Jumanne, tarehe 15, habari zikabadilika. Kule Fukushima mtambo wa nyuklia ulikuwa umeharibika, na vyombo vya kupimia ndani ya George Washington, iliyokuwa gatini kwa matengenezo, vilionyesha kiasi kidogo cha mionzi hewani. Tulitoka mbali na Fukushima, kilomita zaidi ya 250, na kiasi kile kilikuwa kidogo. Hata hivyo kamandi ilitushauri tusikae nje bila sababu na tufunge mianya ya hewa majumbani. Siku chache baadaye familia zikaruhusiwa kuondoka kwa hiari, kwa gharama ya serikali. Vikagawiwa vidonge vya iodini kama tahadhari, na onyo tusivimeze mpaka tuambiwe. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Nilikiweka kidonge chake ndani ya Biblia ili nisikipoteze.

Mpendwa msomaji, kuambiwa "ukitaka nenda, ukitaka kaa" ni kuzito kuliko kuamriwa. Mama alipiga simu kutoka Tanga akilia. "Mwanangu, mtoto huyo si wako peke yako. Mtoe huko." Baba akachukua simu, akasema kwa utaratibu wake wa kikarani: "Waulize watu wa gatini wanasemaje. Wao ndio wanaoona maji." Mume wangu nilimpata kwa barua pepe fupi baada ya siku mbili: "Mama, uamuzi wowote utakaofanya, mimi niko nawe." Maneno mazuri, lakini hayakuniamulia.

Katika kikundi chetu cha Biblia tuligawanyika. Dada mmoja, mtu wa maombi kweli, alisema kwamba kuondoka ni kukosa imani. Alisoma Matendo sura ya 27, pale Paulo alipowaonya askari kwamba mabaharia wasipobaki merikebuni hakuna atakayeokoka. Mwingine akamjibu kwa Mathayo sura ya 2, jinsi Yusufu alivyomchukua mtoto na mama yake usiku wakakimbilia Misri; je, Yusufu alikosa imani? Wote wawili walikuwa na andiko na wote wawili walikuwa na machozi. Nilitoka pale nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoingia, na usiku ule niliomba bila maneno, nikiwa nimeshika kikapu cha nguo za mtoto.

Kilichonitesa zaidi hakikuwa mionzi. Alikuwa bibi wa jirani. Mimi nilikuwa na jina kwenye orodha, basi la kunipeleka uwanja wa ndege, kiti kwenye ndege, na wifi yangu Houston aliyekuwa tayari kunipokea. Yeye alikuwa na kilima chake, ngazi zake na mwanawe gatini. Tulikuwa washirika, mataifa rafiki, mkataba umeandikwa na kutiwa saini. Lakini siku ya hofu mgeni ana mlango wa pili na mwenyeji hana. Niliona haya kumwambia. Nilipomwambia hatimaye, kwa ishara nyingi kuliko maneno, aliinamisha kichwa, akaingia ndani. Nikadhani amekasirika.

Asubuhi ya safari alikuja mlangoni na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mafumba ya wali, amefinyanga kwa mikono, yamezungushiwa mwani, sita. Wiki ile mchele ulikuwa umeadimika madukani kwa sababu watu walikuwa wameununua kwa hofu. Alimshika mtoto shavu, akasema maneno ambayo niliyaelewa: njiani ni mbali, mtoto atasikia njaa. Hakusema kitu kingine.

Niliondoka. Sikuondoka kwa kukosa imani, wala sikuondoka kwa kuwa na imani kubwa kuliko waliobaki. Niliondoka kwa sababu nilipewa mtoto mmoja wa kumtunza na mlango ulikuwa wazi. Kwenye ukumbi tulikopangwa foleni niliwaona wale watu wa kamandi ya nchi kavu wakifanya kazi: mmoja anaandika majina, mwingine anapima mizigo, mwingine anagawa maziwa, mchungaji wa jeshi anapita akibeba watoto wa wengine ili mama zao wapumzishe mikono. Wengi wao wake zao na watoto wao walikuwa kwenye foleni ileile. Waliwaandika kama walivyowaandika wengine, wakawafunga mikanda ya mizigo yao, wakarudi kwenye meza. Ndege ilitufikisha Seattle. Binti yangu alikula mafumba mawili ya wali hewani, na mimi nikala moja, na matatu yaliyobaki tukawagawia watoto wa viti vya karibu.

Huko Houston, kwa wifi yangu, ndipo nilipolisoma upya andiko ambalo mchungaji yule alikuwa amelitaja kwa kupita. Ni 1 Samweli sura ya 30. Siklagi umechomwa moto, wake na watoto wametekwa. Daudi anawafuatia maadui na watu mia sita. Wanapofika kijito cha Besori, mia mbili wamechoka kiasi cha kushindwa kuvuka. Wanabaki na mizigo. Mia nne wanaendelea, wanashinda, wanarudi na kila kitu. Kisha baadhi ya wale walioshinda wanasema waliobaki wasipewe mateka yoyote, wachukue tu wake zao na watoto wao waende zao. Daudi anakataa. Anaweka sheria kwamba aliyeshuka vitani na aliyebaki na mizigo watapata sehemu sawa, na inakuwa kanuni katika Israeli.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Daudi na Goliathi. Juu ya kijito cha Besori nimesikia machache mno. Lakini ukitazama vizuri, Daudi hakutoa hoja ya haki ya kawaida. Hakusema kwamba waliobaki nao walifanya kazi kubwa. Alisema kwamba ushindi wenyewe ulitoka kwa Bwana. Basi kama ni zawadi, nani anaweza kuipima kwa hatua alizotembea? Hapo nilipata jibu la wale dada wawili wa kikundi chetu. Tulikuwa tukipimana kwa umbali: nani amevuka kijito, nani amebaki, nani ameondoka. Neema haina kipimo hicho. Yusufu alikimbia na Paulo akabaki merikebuni, na Mungu aliyewaongoza ni mmoja.

Andiko lile lilinipeleka pia kwa jirani yangu na kwa mwanawe. Waliobaki na mizigo hawakuwa mabaharia tu wala wake zao. Mizigo yetu, nyumba yetu, hata sufuria zangu, zilibaki chini ya macho ya mwanamke ambaye hakuwa wa jeshi letu, wala wa taifa letu, wala wa imani yetu. Nikijiuliza sehemu yake ni ipi, kanuni ya Daudi inanibana. Kamandi inayokaa katika nchi ya rafiki haiwezi kusema kwamba sehemu ya usalama ni yake na sehemu ya hofu ni ya mwenyeji. Na Mkristo anayekaa kwa jirani hawezi kusema hivyo hata kidogo.

Tuliporuhusiwa kurudi, baada ya wiki kadhaa, wengine hawakurudi. Mimi nilirudi. Nilipopanda zile ngazi na mtoto mgongoni, bibi alikuwa anafagia. Nyumba yangu ilikuwa imefunguliwa madirisha, na mmea niliouacha ulikuwa hai. Nilimletea kitenge na unga wa mahindi kutoka duka la Waafrika la Houston. Ugali hakuupenda, alinicheka waziwazi. Kitenge alikifunga kichwani kila siku ya kufua mpaka tulipohama mwaka uliofuata. Yule dada wa maombi aliyebaki alinipokea kanisani kwa kunikumbatia muda mrefu, na hatukuzungumza tena juu ya nani alikuwa na imani. Tulipanga zamu ya kupika chai.

Mwezi Juni mwaka 2017, tukiwa tayari Marekani na mume wangu ameacha jeshi, tulisikia kwamba manowari Fitzgerald imegongana usiku na meli ya makontena karibu na rasi ya Izu, na mabaharia saba wamefariki. Jioni yake ilirudi Yokosuka ikiwa imeinama upande. Mume wangu alizima televisheni tukakaa kimya. Sote wawili tulikuwa tunaona kitu kilekile: gati lile, watu wanaoshika kamba, wapishi, wauguzi, mchungaji amesimama na familia zisizojua bado. Meli inapoondoka kwa fahari inaweza kuagwa na bendi. Inaporudi imejeruhiwa, inahitaji watu waliokuwapo pale siku zote, waliokuwa wakifanya kazi isiyo na bendi.

Basi, Mkristo anafanya nini mahali kama pale? Sisemi kwamba kituo cha kijeshi ni ufalme wa Mungu. Bunduki zipo, na nabii Isaya aliona siku ambayo zitayeyushwa kuwa vifaa vya shamba. Siku hiyo haijafika Yokosuka, kama ambavyo haijafika kwingine. Ninachoweza kusema ni kwamba nilijifunza pale jambo fulani juu ya kanisa. Kanisa nalo liko katika nchi isiyo yake. Halimiliki meli za watu wala haliamui kila mmoja ataitwa bahari gani. Kazi yake ni kuwa gatini: kuwa na mkate tayari, kuwa na maji, kuandika majina kwenye orodha bila kuuliza nani ana imani kubwa, kubeba mtoto wa mwingine, kupokea meli iliyoinama. Na kukaa na mwenyeji kwa namna ambayo, mgeni akiondoka, mwenyeji hatasema afadhali ameondoka.

Wengi wetu hatutavuka kijito cha Besori. Tutaolewa, tutalea, tutafanya ukarani, tutafagia kanisa, tutakaa na wazazi wagonjwa wakati wenzetu wanakwenda mbali na kurudi na ushuhuda mkubwa. Kama wewe ni mmoja wa hao, usijione umebaki nyuma. Mfalme ameshaamua sehemu yako. Na kama wewe ni wa mia nne, umerudi na ushindi, angalia ni nani aliyekuwa na mizigo yako ulipokuwa mbali. Huenda si ndugu yako wa kanisani. Huenda ni bibi wa jirani mwenye kifurushi cha wali, na bado unamdai Mungu baraka zake bila kumtaja.